Tiki Moja



Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kutia tiki katika madaftari ya wanafunzi. Hatukudhani kwamba uzeeni tiki moja ingetunyima usingizi.

Wengi wetu siku hizi tunapelekeana habari kwa WhatsApp. Tiki moja maana yake ujumbe umetumwa. Mbili, umefika katika simu ya mwenzako. Zikigeuka buluu, umesomwa. Basi tulimwandikia ndugu mmoja wa mtaa huu, rafiki wa siku nyingi. Zikapita wiki tatu, tiki ikabaki moja.

Tukamwuliza mjukuu wetu kama iko njia ya kujua kwamba mtu amekuzuia. Akatufundisha dalili: huoni tena saa aliyoonekana mwisho, wala picha yake mpya, na ukimpigia kwa njia hiyo hiyo simu haimfikii. Lakini hata hizo si hakika. Huenda simu imezimwa, au amebadili namba, au anawaficha watu wote saa zake. Wenye programu hiyo wameliacha jambo hili gizani kwa makusudi, ili kumlinda aliyezuia.

Tulizikagua dalili hizo asubuhi na jioni. Mwisho tukajiuliza: kwa nini tuliona upesi hivyo kwamba ametuzuia? Jibu tulikuwa nalo. Katika kikao cha ujenzi wa nyumba ya kasisi tulimwambia neno la kumwaibisha mbele ya watu. Na ule ujumbe wetu haukuwa wa kuomba radhi, bali wa kueleza kwamba haki ilikuwa upande wetu.

Katika Mathayo 5 Bwana wetu afundisha kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake, aende kwanza wapatane. Angalieni, ndugu: hatuagizi tuchunguze kwanza kama mlango umefungwa. Atuagiza twende.

Tukaenda kwa miguu. Alitukaribisha, akatupa kiti, tukaomba radhi. Akasema, "Mwalimu, ni kweli nilikuzuia. Nimekusikia. Lakini moyo bado unauma, niache kwanza." Tukarudi nyumbani bila kupata tulilolitaka.

Je, tulikwenda bure? Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chamwagiza kasisi asiwape Ushirika Mtakatifu watu wenye chuki baina yao mpaka wapatane. Lakini ikiwa mmoja yu tayari kusamehe kwa moyo wote na kutengeneza alipokosa, naye mwenzake hakubali, yule aliyetubu apokelewe. Hivyo Kanisa halimdai mtu moyo wa mwenzake. Lamdai moyo wake mwenyewe.

Wala tusifanye haraka kumlaumu aliyefunga. Wako waliofunga kwa sababu ya matusi au vitisho, nao wana haki. Na aliyeumizwa apewe nafasi ya kupona. Kuazima simu ya mtu mwingine ili kumwingilia si upatanisho, ni kuruka ukuta. Desturi yetu ni kupiga hodi mara tatu. Mwenyeji asipoitika, mgeni huondoka kwa heshima.

Tiki yetu ingali moja, nasi hatuitazami tena. Lakini Jumapili, wakati wa kupeana amani, twamnyoshea ndugu yetu mkono, naye huupokea. Hatujafika bado, ila tumo njiani.

Na wewe, msomaji, ni nani usiyejua kama amekufungia mlango? Kabla ya kuishika simu, jiulize ulimtendea nini. Ukiona kosa lako, ondoka uende. Na kama wewe ndiwe uliyefunga, mwombe Mungu akuonyeshe siku ya kufungua.

Mungu atujalie sote mioyo iliyo wazi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.