Je, Nauli Humaliza Deni?

Katika jimbo la Mayo, magharibi ya Ayalandi, karibu na kijiji cha Cong, pana kasri liitwalo Ashford, ambalo asili yake yahesabiwa tangu mwaka 1228 na ambalo limekuwa hoteli tangu mwaka 1939. Mgeni ashukaye katika uwanja wa ndege wa Shannon aweza kukodi gari la peke yake pamoja na dereva. Dereva humngoja, humpokea mizigo, na kwa muda wa yapata saa moja na nusu humchukua mpaka ukingo wa ziwa Corrib. Mara nyingi malipo ya safari kama hizi hufanywa siku nyingi kabla, pamoja na ya chumba, hata abiria haoni fedha ikitoka mkononi mwake kuingia mkononi mwa dereva. Basi wafikapo mlangoni pa kasri, je, watu hawa wawili wamemalizana?

Jibu jepesi ni kwamba wamemalizana. Kazi ilitakwa, bei ikatajwa, ahadi ikatimizwa. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni wa hoteli hapewi jembe hata akikaa mwezi, kwa kuwa fedha yake imekwisha kulima kwa niaba yake. Jibu hili lina haki ndani yake, wala si la kubezwa. Nauli humwepusha dereva na kungoja hisani ya bwana, na humwepusha abiria na masimbulizi. Aliyelipwa stahili yake hana haja ya kumnyenyekea mtu.

Lakini jibu hilo lasahau jambo moja, na jambo hilo lilidhihirika si mbali na kasri lenyewe. Kaskazini ya Cong, kando ya ziwa Mask, aliishi Kapteni Charles Boycott, wakili wa mashamba ya Lord Erne. Mwaka 1880 wapangaji waliomba wapunguziwe kodi kuliko alivyokubali mwenye ardhi, na baadhi yao wakapelekewa hati za kufukuzwa. Ndipo watu wakamsusia wakili: vibarua wakaacha mavuno shambani, watumishi wakaondoka, wenye maduka wakakataa kumwuzia. Waliletwa wavunaji wapatao hamsini kutoka kaskazini, wakilindwa na askari wengi. Ikakadiriwa kwamba mavuno ya thamani ya pauni 500 yaligharimu pauni 10,000. Mwishoni mwa Novemba familia ilipoondoka, gari la farasi lilipatikana, ila hakupatikana mtu wa kuliendesha. Ikawalazimu kupanda gari la wagonjwa la jeshi. Jina la Boycott limebaki katika lugha ya Kiingereza likiwa na maana ya kususia.

Fedha ilikuwapo, gari lilikuwapo, njia ilikuwapo. Kilichokosekana ni ridhaa ya dereva. Hapa ndipo ilipo tofauti ya maneno yetu mawili yaliyotoka katika mzizi mmoja. Mtumwa hutumwa, mtumishi hutumika. Wa kwanza hakuulizwa, wa pili alikubali. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba chenye bei chaweza kubadilishwa kwa kingine, bali utu umepita bei zote. Nauli ni bei ya mwendo. Ridhaa haina bei, kwa sababu ni sehemu ya utu.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba wako waliomsusia Boycott kwa hofu ya jirani zao, na kwamba wako madereva leo wasioweza kukataa abiria, kwa kuwa wana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha. Ridhaa ya mwenye shida ni ridhaa gani? Hoja hii ni nzito, lakini haiondoi wajibu wa abiria, yauongeza. Kadiri mtu asivyoweza kukataa, ndivyo ipasavyo tusimtake lile ambalo angelikataa kama angaliweza.

Wajibu huo si mkubwa, wala haudai urafiki wa kulazimisha. Kumhoji dereva habari za nyumbani kwake ili abiria ajione mwema ni kumtwisha kazi nyingine isiyolipwa. Watosha kutomchelewesha bila sababu, kutomhimiza kwenda mbio katika njia ya hatari, na kutozungumza mbele yake kana kwamba kiti chake ni kitupu. Watosha pia kumshukuru kwa neno, kwa kuwa bakshishi isiyo na neno ni nyongeza ya bei tu.

Kwa hiyo nauli humaliza deni la kazi. Deni la ridhaa hulipwa kwa adabu, nalo huanza upya kila mlango wa gari unapofunguliwa.