Haya na Maradhi

Wahenga walitwambia kuwa mficha uchi hazai. Methali hii twaitumia sana tunapowanasihi wengine, lakini sisi wanaume ndio wa mwanzo kuisahau inapotufika wenyewe.

Hapa kwetu Pemba yapo maradhi yanayojulikana na kila mtu na kutajwa na wachache: busha, ambalo wengine huliita ngirimaji. Sababu yake si siri tena. Mbu, hasa wale wanaozaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu, humwambukiza mtu minyoo myembamba kama uzi. Minyoo hiyo ikikomaa huweza kuishi mwilini miaka kadhaa. Miguuni huleta matende. Kwa mwanamume, maji hukusanyika polepole katika mfuko unaozunguka korodani. Si madafu, kama tulivyoambiwa utotoni, wala si uasherati, wala si uchawi.

Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwagaia wananchi wa Unguja na Pemba dawa za ivamektini na albendazoli ili kukata maambukizo. Dawa hizo huua minyoo michanga iliyomo katika damu, mbu asipate cha kumpelekea mwengine. Lakini busha lililokwisha kukua haliondoki kwa vidonge. Huondoka kwa kisu cha daktari, na upasuaji wenyewe si mkubwa. Anayetolewa maji hayo hatolewi uanaume wake.

Basi kwa nini mtu akae nalo miaka kumi? Jawabu iliyo nyepesi ni ujinga. Mimi siikubali. Nilipata kufanya kazi na mwalimu mmoja, hodari wa hesabu, aliyeyajua yote niliyoyaeleza. Hata hivyo alivaa kanzu pana siku zote, akasomesha ameketi, akaacha kusali jamaa. Mwisho akavunja uchumba wake bila ya kutoa sababu, na maneno ya mji yakamwangukia binti wa watu. Alichokosa si elimu. Alichelea kicheko.

Hapo ndipo penye suala. Tangu chuoni tumefundishwa kuwa haya ni sehemu ya imani, nami sitamwambia kijana aitupe. Lakini haya huhusu matendo: mtu aone haya kusema uongo, kudhulumu, kula mali ya yatima. Mwili uliopatwa na maradhi haukutenda kosa. Na aibu ya mwenye busha hakuizua mwenyewe. Tumemvisha sisi kwa mizaha yetu ya barazani. Ndiyo maana hata anayepungukiwa na nguvu za kiume hununua dawa za vichochoroni, ilhali huenda hiyo ni dalili ya kisukari au ya moyo ambayo daktari angeitambua mapema. Aibu moja humtia binti wa watu midomoni, na nyengine humtia mtu kaburini.

Mwalimu yule hakuokolewa na mahubiri. Siku moja barazani, watu wakicheka, mzee mmoja mvuvi alisema, "Mimi nilikuwa nalo. Nikapasuliwa, na baada ya hapo nimepata watoto wawili." Kicheko kikakatika. Haikupita wiki mbili, mwalimu akapanda gari kwenda hospitali.

Wapo waliosema mzee yule amejivunjia heshima. Mimi naona kinyume chake. Stara tuliyoamrishwa ni kutoitangaza aibu ya mwenzetu. Ya kwangu ni yangu, na nikiisema ili mwengine apone, sikujivua nguo bali nimemvisha yeye. Kwa hiyo, ndugu msomaji, aliyepona ana deni. Si lazima apande jukwaani. Inatosha siku moja, pale wenzake wanapocheka, aseme kwa utulivu kuwa naye yalimfika, na kuwa dawa ipo.