Mwenye Mali ya Msaada

Swali la nani anamiliki msaada uliokwisha kutolewa lakini haujamfikia mlengwa hudhaniwa kuwa la wahasibu, ingawa mizizi yake imo katika mafundisho ya dini kuhusu utoaji. Lilijitokeza waziwazi mkoani Kagera baada ya tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Michango ilikusanywa ndani na nje ya Tanzania. Kisha Januari 2017 Rais John Magufuli, alipozuru mkoa huo, alieleza kwamba serikali haitamjengea mtu nyumba, na kwamba fedha zitarejesha miundombinu ya umma, zikiwamo shule.

Uamuzi huo ulikuwa na hoja, kwani shule husomesha watoto wa wote, na michango ile, kama ingegawanywa kwa kaya zote zilizobomokewa, ingeipa kila moja fungu dogo. Wanazuoni wa Kiislamu huita hoja ya namna hii maslaha, yaani kuangalia manufaa ya wengi. Hata hivyo, udogo wa fungu ni jambo la hesabu, wala hauondoi haki ya mwenye fungu.

Katika zaka, mafakihi wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hushurutisha tamliki, yaani kumkabidhi mstahiki mali iwe milki yake. Ndiyo maana hawakuruhusu zaka ijenge daraja, hata likihitajika sana. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Syria wa karne ya 13, aliandika katika al-Majmu kwamba mhitaji mwenye kazi apewe cha kununulia zana au mtaji wa kazi yake, hata muuza mboga akatoshwa na dirhamu 5 au 10, na muuza vito akapewa 10,000. Msomaji wa leo huenda akauliza muuza vito ana uhitaji gani, lakini jibu limo humo humo: kinachopimwa ni kile kitakachomrudisha mtu kwenye kujitegemea, na wala si usawa wa mafungu.

Ni kweli kwamba michango ya Kagera haikuwa zaka, na sadaka ya hiari ina uwanja mpana zaidi. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne hiyo hiyo, alifundisha kwamba ziada ya tajiri ni stahili ya maskini, lakini kwa kuwa wahitaji ni wengi, mwenye mali huachiwa aamue amsaidie nani. Uhuru huo ni wa mtoaji. Msimamizi aliyewekewa amana, kama serikali ilivyokuwa kwa michango ile, hufungwa na nia ya aliyemwamini. Tena, kujenga shule za umma ni wajibu ambao serikali ilikuwa nao hata kama isingechangiwa senti moja, kwa hiyo kuutimiza kwa michango ya maafa ni kumfanya aliyepoteza nyumba awe mchangiaji asiyeulizwa.

Na kwa kipimo cha zaka yenyewe, mwathirika aliyekopa ili anunue mabati na kujijengea upya huingia katika kundi jingine la wastahiki, kwani Sura ya Tawba, aya ya 60, inayotaja mafungu 8 ya wanaostahiki zaka, inawataja pia wenye madeni.