Nani mwenye haki ya kuuliza makosa ya mtu?

MZEE mmoja wa vijiji vya juu ya Soni, wilayani Lushoto, alinipigia simu usiku baada ya Isha. Ananijua tangu nikiwa mtoto wa madrasa, na tangu nilipomaliza chuo kikuu na kuanza kusomesha Maarifa ya Uislamu, huniita ustadhi, ingawa kwa umri mimi ni mwanawe. "Ustadhi," alisema, "binti yangu ameposwa. Kijana anafanya kazi Dar es Salaam, lakini kwao ni huku huku milimani. Watu wanasema aliwahi kufungwa. Wewe unajua mambo ya kompyuta. Nitafutie jina lake kwenye madaftari ya serikali, unijibu kabla ya Ijumaa."

Nilimwitikia, "Sawa baba, nitaangalia." Nilipokata simu ndipo nikajiuliza: Je, ninayo haki ya kuangalia? Na yeye, anayo haki ya kuuliza? Naamini wasomaji wengi wa mijini wameshafikwa na swali hili, anapokuja mposaji, mpangaji, msichana wa kazi, dereva wa watoto wa shule, au ustadhi mpya wa madrasa. Tunataka kujua ametoka wapi na amefanya nini huko alikotoka.

Wanazuoni wetu husema kwamba huwezi kulihukumu jambo kabla hujalijua. Basi tuanze na njia zenyewe.

Njia ya kwanza ni Polisi. Jeshi la Polisi hutoa hati inayoonesha kama mtu ana rekodi ya makosa ya jinai, ile ambayo wengi huiita hati ya tabia njema. Lakini hati hiyo huombwa na mwenyewe, kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Baba mkwe hawezi kumwombea mposaji bila ya yeye kujua. Anachoweza ni kumwambia kijana: kaichukue, uniletee.

Njia ya pili ni mahakama. Kwa kawaida kesi husikilizwa hadharani na hukumu husomwa hadharani, kwa hiyo kwa asili yake hukumu si siri. Lakini kuipata ni jambo jingine. Lazima ujue ni mahakama gani, mwaka gani na, ikiwezekana, namba ya shauri, kisha uende masjala ukaombe. Kesi ya Mahakama ya Mwanzo ya kijijini hubaki kwenye jalada la karatasi, na hupanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, pale tu mtu anapokata rufaa. Inashangaza kwamba hapo hapo Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kinachofundisha watumishi wa mahakama wa nchi nzima, na bado mkulima wa kabichi wa kijiji cha jirani hajui jalada la kesi hufunguliwa vipi.

Njia ya tatu ni intaneti. Tovuti ya TanzLII huchapisha bure hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Ukiandika jina, hukumu zinakuja. Lakini majina yetu, ndugu zangu! Chukua Rashidi, Athumani, Hassani na Shabani, uyapange utakavyo, bonde moja la Usambara litakupa watu kumi. Ukimhukumu mtu kwa jina peke yake, unaweza kumbebesha dhambi ya mwingine aliyezaliwa Mtae au Mombasa.

Aidha, kushitakiwa si kutiwa hatiani. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi, na Juni 2021 wakaachiwa baada ya Mkurugenzi wa Mashitaka kuyafuta mashitaka. Ukitafuta majina yao utakutana na neno ugaidi mara nyingi, lakini hukumu ya kuwatia hatiani kwa mashitaka hayo hutaiona. Muislamu aliyeishuhudia kesi ile anapoona jina la jirani yake kwenye orodha ya washitakiwa, na akasema "kumbe ndivyo alivyo," amesahau upesi mno.

Hizo ndizo njia. Sasa tuje kwenye haki ya kuzitumia.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza mambo matatu kwa mfuatano: dhana mbaya, upelelezi wa aibu za watu, na kusengenyana. Tazama mpangilio huo. Mtu huanza kwa kudhani, dhana ikamtuma kuchungulia, na alichokiona akakipeleka barazani. Kwa aya hii peke yake, mtu angesema mzee wangu amekosea na simu yake nisingeipokea.

Lakini dini hii haikuacha wazazi wakiozesha mabinti gizani. Fatima bint Qays alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba Muawiya na Abu Jahm wote wamemposa. Mtume hakumwambia asichunguze mambo ya watu. Alimfahamisha kwamba mmoja hana mali na mwingine ni mwepesi wa fimbo, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Ndiyo maana Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, alipotaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, aliiweka humo nasaha kwa mwenye kutaka kuoa, kushirikiana biashara au kuweka amana.

Zingatia mambo mawili katika kisa cha Fatima. Kwanza, aliyeuliza ni mwenye jambo lake. Ndiye aliyekuwa akiolewa. Pili, alijibiwa kwa kiasi cha haja yake. Hakusomewa historia ya ukoo wa Abu Jahm. Aliambiwa lile ambalo mke angelipata mgongoni mwake.

Kwa hiyo haki ya kuuliza haitokani na daftari kuwa wazi. Inatokana na haja ya anayeuliza. Baba wa binti anayo. Kamati ya madrasa inayotaka kumkabidhi mtu watoto arobaini inayo, tena kwake ni wajibu. Jirani anayetaka tu kujua kwa nini fulani alipotea miaka miwili hana, hata kama jalada liko mezani pake. Nchini Marekani kuna majimbo ambayo mtu yeyote akiwa na kompyuta huandika jina la jirani na kusoma kesi zake za miaka ishirini nyuma. Urahisi huo haujageuza umbea kuwa halali. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa za makosa ya mtu katika fungu la taarifa nyeti.

Je, kosa la mtu linaisha lini? Hili ni zito kuliko la kwanza. Sura ya An-Nur, aya ya 4, imeagiza kwamba anayewasingizia zinaa wanawake watwaharifu, akashindwa kuleta mashahidi wanne, apigwe mijeledi themanini na ushahidi wake usikubaliwe kabisa. Hiyo ni rekodi ya kudumu. Lakini aya ya 5 inawatoa waliotubu na kutengenea. Wanazuoni wakahitilafiana: Imamu Abu Hanifa akaona toba inamwondolea ufasiki lakini ushahidi wake haurudi; Imamu Shafi, ambaye wengi wetu pwani na Usambara tunafuata madhehebu yake, akaona akitubu ushahidi wake unarudi. Yaani hata waliokuwa wakali zaidi walibishana juu ya ushahidi mbele ya kadhi. Hakuna aliyesema mtu huyo asiuziwe chumvi, asisalimiwe au asioe.

Serikali nayo imeweka mpaka. Ibara ya 67 ya Katiba inamzuia kugombea ubunge mtu aliyetiwa hatiani na kufungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Mahakamani nako, hakimu huuliza kumbukumbu za makosa ya nyuma baada ya kumtia mtu hatiani, wakati wa kupima adhabu, ili makosa ya jana yasitumike kuthibitisha la leo. Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli, akiwa Mwanza, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Hebu fikiria mmoja wao anarudi kwao Mlalo au Bumbuli. Basi halijamaliza kona za kutoka Mombo, habari yake imeshafika. Katiba inaweza kumruhusu kugombea ubunge, na kijiji kikamnyima kibarua cha kubeba viazi.

Nilimpigia mzee siku ya pili. Nikamwambia, "Baba, sitalitafuta jina kwa siri. Muulize mwenyewe, tena mbele ya walii wake. Akificha, umeshapata jibu. Akisema, mwambie alete karatasi." Alikaa kimya, kisha akasema, "Huku kwetu, ustadhi, hatuulizani hivyo. Mambo kama haya wazee huyajua na kuyamaliza." Akanipa mfano, akidhani ananituliza. Miaka iliyopita, katika kijiji cha jirani, mwalimu wa madrasa alimfanyia mtoto uchafu. Wazee walikaa, baba wa mtoto akapozwa, na mwalimu akaambiwa aondoke kabla ya alfajiri. "Tulimsitiri mtoto," alisema. "Na yule mtu?" "Alihamia bonde la pili. Nasikia bado anasomesha."

Ndugu msomaji, usingizi ulinitoka. Kijana ambaye labda aliiba, akahukumiwa na akatumikia kifungo chake, jina lake liko midomoni mwa tarafa nzima. Anayetuhumiwa kuharibu mtoto hana jalada, hana namba ya shauri, na amekabidhiwa watoto wengine. Ungempeleka akachukuliwe alama za vidole leo, angetoka na hati safi. Tumeyasema yaliyostahili kusitiriwa, tukayasitiri yaliyostahili kusemwa.

Sitara tuliyofundishwa ni kumfunika mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Haikuwa kamwe kumfunika mtu ili apate watoto wengine. Na hoja ya kumlinda mtoto na aibu haisimami, kwa sababu kisheria ushahidi wa makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, adhabu za makosa haya ni kali, ikiwemo kifungo cha maisha. Vituo vya polisi vina Madawati ya Jinsia na Watoto, na namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto. Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 iliagiza mahakama iweke daftari la waliotiwa hatiani. Lakini daftari, liwe la Nairobi au la Lushoto, huandikwa lile tu ambalo watu wamelipeleka. Kikao cha wazee kikimaliza jambo usiku, karani wa mahakama asubuhi hana cha kuandika, na mzazi atakayetafuta miaka kumi baadaye atakuta ukurasa mweupe.

Nilimwambia mzee hivyo, kwa adabu, lakini nilimwambia. Alikasirika. Siku tatu hakupokea simu yangu. Siku ya nne alipiga yeye, akasema, "Njoo twende." Tulikwenda yeye, mimi na baba wa yule mtoto. Shauri hilo sasa liko kwa wenye kulichunguza, nami sitaliandika zaidi, kwa sababu niliyoyasema juu ya dhana yanamhusu hata mtu yule.

Kijana mposaji naye aliitwa, akaulizwa. Hakukana. Alileta nakala ya hukumu ndani ya bahasha: wizi wa fedha za mwajiri wake, mwaka 2015, kifungo cha miezi sita. Kijijini ilikuwa ikisemwa kwamba alivunja nyumba usiku na kumjeruhi mlinzi. Kumbe karatasi ya mahakama ilikuwa na huruma kuliko ndimi zetu, maana miezi sita ilibaki miezi sita.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia mtu akimsifu mwenzake, alimuuliza: ni jirani yako? Umesafiri naye? Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Mzee wangu hakulijua hilo, lakini alilifanya. Alikwenda Dar es Salaam kwa basi, akazungumza na anayemwajiri kijana sasa na imamu wa msikiti anaposali. Akarudi, akamweka binti yake chini, akamweleza yote bila kuongeza wala kupunguza, maana ndiye mwenye jambo. Binti aliomba siku mbili za kufikiri, kisha akakubali.

Wabillahi tawfiq.