Nani Awezaye Kumrudishia Mtu Jina Lake?

Mtu akiibiwa ng'ombe, baraza laweza kuamuru arudishiwe ng'ombe wake, au alipwe mwingine. Lakini mtu akinyang'anywa jina lake jema, baraza litamrudishia nini? Wengi wetu twadhani ya kuwa hukumu ya haki ikiisha kutolewa, basi, mambo yamekwisha. Nataka tulipime wazo hilo kwa habari za mtu mmoja wa Marekani, mchekeshaji wa picha za sinema za zamani, zile zilizokuwa hazina sauti.

Jina lake Roscoe Arbuckle. Alizaliwa mwaka 1887 katika mji mdogo wa Smith Center, jimbo la Kansas. Mama yake alikufa yeye angali mtoto, naye akajitafutia riziki kwa kazi za hoteli na kwa kuimba katika majumba ya michezo. Mwaka 1913 aliingia kampuni ya Keystone, huko California, na kabla ya miaka mingi kupita alijulikana karibu kila mahali picha zilipoonyeshwa. Alikuwa mnene sana, ratili zipatazo 300, lakini mwepesi wa miguu ajabu: aliruka, alipinduka, alianguka chali na kusimama tena kama mtoto. Ndiye aliyemwingiza Buster Keaton katika kazi hiyo mwaka 1917, na Keaton baadaye akawa mkubwa kuliko mwalimu wake. Kufika mwaka 1921 mapatano ya Arbuckle na kampuni ya Paramount yalikuwa ya dola zipatazo milioni moja kwa mwaka.

Watu walimpa jina la Fatty, yaani Kibonge, nalo likaandikwa kwa herufi kubwa mbele ya nyumba za sinema. Mwenyewe hakulipenda. Mtu akimwita hivyo nje ya kazi, alimkumbusha kwamba analo jina lake. Tena hakutaka kuchekwa kwa unene tu, kama vile kukwama mlangoni. Alitaka watu wacheke kwa ajili ya ufundi wake. Neno hili dogo tuliweke akilini.

Jumatatu, tarehe 5 Septemba 1921, Arbuckle na rafiki zake walifanya karamu katika vyumba vya hoteli ya St. Francis, mjini San Francisco. Pombe ilikuwako, ingawa sheria ya nchi wakati ule iliikataza. Katika karamu ile mwanamke mmoja aitwaye Virginia Rappe, mchezaji wa sinema, mwenye umri wa miaka 30, alishikwa na maumivu makali. Tarehe 9 akafa. Kibofu cha mkojo kilikuwa kimepasuka, na tumbo lake likaingiwa na uchafu wa ugonjwa. Mwanamke mwingine aliyekuwa karamuni akasema ya kuwa Arbuckle ndiye aliyemdhuru. Akakamatwa, akashitakiwa kwa kuua bila kukusudia.

Magazeti hayakungoja mahakama. Yaliandika mambo ambayo haifai kuyarudia hapa, na kati ya hayo walisema kwamba mwanamke yule alipondwa kwa uzito wa mwili wa Arbuckle. Tazama basi: unene ule ule ambao watu walikuwa wakilipa fedha ili wauone na kucheka, sasa ukawa ushahidi juu yake. Waliomcheka na waliotaka anyongwe walikuwa watu wale wale, na kati ya kicheko na ghadhabu hazikupita siku kumi. Wenye nyumba za sinema wakaziondoa picha zake mara moja, kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa mbele ya baraza lililomhukumu.

Kesi ya kwanza ilikwisha Desemba 1921. Watu 12 wa baraza la hukumu hawakupatana: 10 walisema hana hatia, wawili walikataa. Mwanamke yule aliyemshitaki hapo mwanzo hakuitwa kutoa ushahidi, maana mwendesha mashtaka mwenyewe aliogopa kumsimamisha. Katika kesi ya pili shahidi mmoja alisema kwamba alishurutishwa na watu wa serikali. Mawakili wa Arbuckle wakaona kesi yao imeshinda, wakamwacha akae kimya. Kimya kile kikahesabiwa vibaya, na safari hii 10 wakasema ana hatia. Kesi ya tatu ilikwisha tarehe 12 Aprili 1922. Baraza lilitoka nje kwa dakika zipatazo sita tu, likarudi na neno la hana hatia. Tena likaleta barua yenye sahihi zao, wakisema kwamba kumwachilia tu hakutoshi, kwa kuwa ametendewa udhalimu mkubwa, wala hapakuwa na ushahidi hata kidogo wa kumhusisha na uovu wowote. Ni mara chache sana baraza la hukumu limemwomba mshtakiwa radhi.

Je, akarudishiwa jina lake? Siku sita baadaye, tarehe 18 Aprili, Will Hays, mkuu wa chama kipya cha wenye kampuni za sinema, naye alikuwa mzee wa kanisa la Presbyterian, alipiga marufuku picha zote za Arbuckle. Desemba mwaka ule ule akaiondoa marufuku, akisema kwamba mtu apewe nafasi. Hapo vyama vingi vya wanawake na vya makanisa vikapiga kelele, na Arbuckle hakurudi katika kazi yake ya zamani.

Lazima tuwasikilize watu hao pia, maana hawakuwa wajinga. Walisema: Hata kama hakuua, karamu ile ilikuwa ya namna gani? Pombe iliyokatazwa, na mume asiyekaa na mkewe. Je, mtu wa namna hii ndiye watoto wetu wamtazame na kumpenda? Kweli, alivunja sheria ya pombe, akatozwa dola 500, akalipa. Kweli pia, hakuna mtu mwenye haki ya kutazamwa. Asiyetaka kuingia sinema na asiingie.

Lakini hapa ndipo, kwa fikira zangu, penye kosa lililojificha. Arbuckle aliadhibiwa kama mwuaji. Shtaka la kuua liliposhindwa, watu hawakuipunguza adhabu. Walitafuta shtaka jingine, dogo zaidi, wakaliegemeza chini ya adhabu ile ile isije ikaanguka. Maelfu walikunywa pombe mwaka ule katika nchi ile, wala hakuna aliyenyimwa kazi maisha yake yote. Kila akaaye katika baraza la wazee wa usharika ameyaona: mtu ashitakiwa kwa wizi, wizi hauonekani, ndipo mmoja asema, "Lakini ni mlevi." Labda ni mlevi kweli. Basi na aonywe kama mlevi, asitengwe kama mwizi. Wenye kufundisha amri ya nane na waulize darasani kama mtu aweza kumshuhudia jirani yake uongo huku kila neno asemalo ni kweli.

Buster Keaton hakumwacha rafiki yake, wala hakuacha kusema kwamba hana kosa. Wengine walimpa kazi ya kuongoza picha, lakini kwa jina lililofichwa: alijiita William Goodrich, majina ya baba yake. Mwaka 1932 kampuni ya Warner ilimpa nafasi ya kuonekana tena, katika picha fupi sita, sasa zenye sauti. Alikufa usingizini mjini New York, tarehe 29 Juni 1933, umri wake miaka 46, alipokuwa amekwisha kumaliza ya mwisho.

Habari hii ina upande mwingine, nao wamteteao Arbuckle wamezoea kuuruka. Virginia Rappe naye alikuwa na jina. Ili kumtetea mtu aliye hai, mawakili walimchafua aliyekufa: maisha yake yakafunuliwa barazani, machafu yakakuzwa, mpaka wengine wakamhesabu kama mtu aliyejitakia kifo chake. Madaktari walieleza habari za ugonjwa wa kibofu chake, na hayo yangetosha. Yeye hakuweza kujibu, wala hakuandikiwa barua. Hata leo watu waandikao ili kumsafisha Arbuckle mara nyingi huyarudia yale yale juu ya mwanamke huyu, bila kuuliza yalitoka kwa nani.