Kila Mmoja na Msumari Wake

Fundi rangi alipoingia chumbani aliuliza swali moja tu: "Cha kike au cha kiume?" Nikamjibu kuwa ni cha watoto watatu, wa kike mmoja na wa kiume wawili, na dada wa kazi naye hulala humo humo. Akakuna kichwa kwa mpini wa brashi, akasema, "Basi tupige krimu, bosi. Krimu haina ugomvi."

Ni kweli haina ugomvi, kwa sababu haimsemi mtu. Ndiyo maana nyumba za kupangisha zimejaa krimu kutoka Tabata hadi Mbagala: mwenye nyumba hamjui atakayelala humo, wala hana haja ya kumjua. Mimi nawajua watakaolala humu. Nawajua hadi anayekoroma.

Tuyaache pia mambo ya pinki ya kike na bluu ya kiume, ambayo siku hizi watu huyatetea kana kwamba yaliteremka pamoja na mvua. Huko Marekani, mwaka 1918, jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto liliwashauri wasomaji wake kinyume kabisa: pinki iwe ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, bluu iwe ya wasichana kwa kuwa ni ya upole. Wauza nguo walipobadilisha mawazo, nasi tukabadilishwa.

Picha za vyumba vya watoto zinazozunguka kwenye simu zetu huonyesha mtoto mmoja, kitanda kimoja, na ukuta uliochorwa mawingu. Chumba cha watoto cha kwetu si hicho. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, lakini wastani hauhesabu bibi anayekuja kutibiwa macho wala mjomba aliyepita kwa wiki moja akakaa mwezi. Wote hao hulazwa kwa watoto. Katika nyumba nyingi, chumba cha watoto ni chumba cha kila asiye na chumba. Na hapo ndipo kazi ya kukipamba inapoanza kuwa kazi ya kugawa, maana kila unachokitundika ukutani kina mwenyewe, na kila ukuta ulio wazi una anayejiuliza mbona hakuna chake.

Wapo wazee watakaonicheka. Sisi, watasema, tulilala mkekani wote kwa mstari, wenye bahati wakalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha kamba, na ndivyo tulivyojifunza kugawana. Nami nililala hivyo, huko Tunduru, na kumbukumbu yangu ni tofauti kidogo. Nilichojifunza mimi ni kuficha. Gololi zangu zilikaa kwenye tundu la ukuta wa udongo, nikaliziba kwa tope kila jioni. Manati ilikaa juu ya dari. Mtoto asiye na kitu kinachotambulika kuwa chake hajifunzi ukarimu, anajifunza kuwahi. Atatoa nini, naye hana? Kugawana kunaanza na mwenye mali, hata kama mali yenyewe ni kifuniko cha chupa.

Kwa hiyo kabla ya rangi nilikwenda Keko kuonana na seremala. Kitanda cha dabodeka hakikuwa na mjadala, kwa sababu chumba chetu ni kidogo, na kitanda cha tatu cha kuvuta kikaingia uvunguni. Kwenye dabodeka mapambo yasubiri kwanza. Viwango vya usalama vya Marekani vinataka mtoto wa chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu, na nafasi katikati ya mbao za kinga isizidi takriban sentimita 9, ili mwili usipenye huku kichwa kikabaki. Seremala aliona namsumbua. Yeye huweka kinga upande mmoja, mwingine ukingo wake ni ukuta. Nikamwambia godoro husogea, na kati ya godoro na ukuta ndimo mtoto anamotumbukia. Akapiga mbao pande zote, akaniongezea bei, tukaelewana.

Halafu lipo pangaboi. Sijui ni nyumba ngapi hapa Dar es Salaam ambamo mtoto wa juu hulala mkono mmoja tu kutoka kwenye panga linalozunguka, lakini nimeziona za kutosha kwa marafiki kunifanya nipoteze adabu ya mgeni. La kwetu lilishushwa siku hiyohiyo, tukanunua feni ya ukutani.

Juu akapanda binti yangu, ana miaka 7. Chini akalala mdogo wake wa kiume, wa miaka 4. Kitanda cha kuvuta ni cha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka 6, aliyeletwa mwaka huu kutoka Tunduru kuja kusoma. Dada wa kazi ana kitanda chake upande wa dirishani. Nitamrudia.

Kila kitanda kina chandarua, na hilo kwangu ndilo pambo la kwanza la chumba cha mtoto katika nchi hii, kabla ya picha na mapazia. Tangu mwaka 2004, kupitia Hati Punguzo, akina mama wajawazito walikuwa wakipewa hati kliniki ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, na watoto wengi wa kizazi hicho walikuta chandarua kimeshawasubiri kabla hata hawajapewa jina. Kwa mtoto anayelala na wenzake, chandarua ni chumba ndani ya chumba. Akishachomeka pindo chini ya godoro, amefunga mlango. Wetu walitaka kubandika nyota. Sawa, lakini si kwa pini, maana tundu la pini leo ni mlango wa mbu kesho, hasa dawa ikishapungua nguvu. Nyota zikafungwa kwa uzi kwenye ile pete ya juu. Cha kitanda cha chini, ambacho hakina mahali pa kuning'inia, kilifungwa kwenye chaga za kitanda cha juu, na kijana akaridhika alipoambiwa lake ni pango.

Rangi tulichagua ya maji, na nikasoma kopo kama mtu anayesoma mkataba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Hatari iliyonitia wasiwasi zaidi ilikuwa ile rangi ya zamani ya mafuta kwenye fremu za dirisha. Fundi alitaka kuipiga msasa kavu, watoto wakichungulia mlangoni. Vumbi la rangi kuukuu huingia kwenye vidole, na vidole vya mtoto wa miaka 4 makazi yake ni kinywani. Tukaimwagia maji kwanza, tukapangusa kwa vitambaa tulivyovitupa, na watoto wakalala kwa shangazi yao Kimara hadi kazi ilipokwisha.

Sehemu ya chini ya ukuta mmoja, hadi usawa wa bega la binti, tukaipaka rangi ya ubao ili wachore kwa chaki. Nilidhani nimewapa uwanja wa wote. Kabla ya magharibi walikuwa wamechora mistari ya kuugawa, na palikuwa na mgogoro wa mpaka ambao wakulima na wafugaji wa Kilosa wangeuelewa mara moja. Sikuingilia. Waliupima wenyewe kwa rula ya shule, na mdogo akapewa kipande kikubwa zaidi kwa sababu, walisema, yeye hachori vizuri hivyo anahitaji nafasi.

Kitu ninachojivunia humo ni vidaka. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na ukuta wa ndani uliojaa zidaka, vishimo vilivyonakshiwa kwa plasta, na humo wenye nyumba wakipanga sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Ukiingia unajua kilichothaminiwa humo ndani, kwa sababu ukuta wenyewe umekikumbatia. Ukuta wa tofali za saruji hauchongeki hivyo, basi seremala akanitengenezea visanduku vya mbao visivyo na mlango, akavipigilia ukutani. Kila mtoto na chake, na chini yake msumari mmoja wa kutundika kitu. Sheria ya chumba ni fupi: hutii mkono kwenye kidaka cha mwenzako bila kuomba.

Palikuwa na ubishi mdogo wa kimo. Seremala alikuwa akipigilia kwa usawa wa macho yake, mimi nikitaka wa macho ya watoto. Mwalimu Maria Montessori alipofungua shule yake, Nyumba ya Watoto, mwaka 1907 katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, Roma, aliweka makabati mafupi ambayo mtoto hufungua mwenyewe. Zaidi ya miaka mia imepita na sisi bado tunapigilia misumari ya watoto mahali wanapofikia watu wazima, kisha tunalalamika nguo ziko sakafuni.

Binti alijaza kidaka chake kabla gundi haijakauka: maua ya plastiki, cheti cha darasa la kwanza, mkufu uliokatika. Mdogo wake aliweka magurudumu tu. Magari yenyewe sijui yalikwenda wapi. Mpwa wangu hakuweka kitu. Alikuja na shangazi kaja, lile begi la miraba, na likakaa uvunguni limefungwa zipu. Kila asubuhi akitoa nguo, anafunga. Mama watoto alitaka kumpangia nguo zake kabatini, nikamwomba amwache. Mtoto aliyehamishwa hajui kama amekuja kukaa au anapita, na huwezi kumjibu swali hilo kwa maneno, kwa kuwa watu wazima humwambia kila mtoto kwamba hapa ni kwenu.

Kilichomfungua ni biashara. Nilileta picha mbili za Tingatinga kwa ajili ya ukuta wa mlangoni, chui na kundi la kanga, nikawasimulia kuwa aliyeuanzisha mtindo huo, Edward Saidi Tingatinga, ni mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora hapa mjini mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao, na akafa mwaka 1972. Mpwa wangu akauliza mara mbili kama ni Tunduru hii hii. Nikasema ndiyo. Basi akatangaza kwamba picha zote mbili ni zake, za kwao, na anayetaka kumwangalia chui amlipe chaki. Wiki hiyo kidaka chake kilikuwa na chaki nyingi kuliko duka, na kaptula yake ikawa juu ya msumari.

Sitaki nieleweke kwamba kila kitu kitenganishwe. Magodoro yote manne yana mfuko wa nailoni chini ya shuka, na mashuka yote yanafanana. Katika chumba cha watoto wadogo yupo anayejikojolea, au atakuwepo kesho, na madaktari hawahesabu kujikojolea usiku kuwa ugonjwa kabla ya miaka 5. Ukimwekea nailoni mmoja peke yake, umemtundikia bango. Sisi tuliokulia mkekani tunazikumbuka nyimbo za kumwimbia kikojozi, na nadhani walioimbiwa wanazikumbuka vizuri zaidi. Shuka la akiba liko rafu ya chini, wazi, na anayelihitaji usiku hamwamshi mtu.

Mpango huu ni wa muda. Dini yetu inataka watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka 10, kwa hiyo tuna miaka 3. Tayari mama watoto amepima nafasi ya pazia la kanga, na mimi naulizia bei ya ukuta wa bodi.

Sasa dada. Ni msichana mtu mzima, ametoka Singida, na ndiye anayelala humo usiku mwingi kuliko mgeni yeyote. Nilipopeleka hesabu ya vidaka kwa seremala, mama watoto aliisoma akaniuliza wa nne yuko wapi. Kisha akamwita dada mwenyewe, akamuuliza angependa nini katika chumba. Dada alikaa kimya kidogo akasema, "Kufuli, mama. Na kioo kama kitapatikana."

Kioo kilipatikana siku hiyohiyo. Kufuli lilizua maneno, maana rafiki mmoja wa mama watoto alisema dada mwenye kufuli ni dada mwenye cha kuficha. Mama watoto akamuuliza yeye pochi yake huiacha wapi akienda kuoga kwenye nyumba za watu. Kikatengenezwa kidaka cha nne, chenye mlango na pete, na ufunguo anao mwenyewe, mmoja, bila wa akiba kwetu.

Matokeo yake watoto wote watatu wanataka kufuli. Binti ameandika ombi kwa chaki kwenye kipande chake cha ukuta na wenzake wametia alama zao. Mama watoto anasema mtoto wa chekechea hana siri ya kufungia kwa chuma. Mimi naona anayo, ila ufunguo utapotea kabla ya Ijumaa. Kwa sasa tumekubaliana kila kidaka kiwe na kipazia, na atakayefunua cha mwenzake bila ruhusa ataosha vyombo Jumamosi, baba akiwemo.