Anayekuonyesha Njia Naye Anakuona

Mwanangu, najua umenichoka, na mimi kusema kumenichosha. Lakini hicho kidude ulichokibandika kwenye kivinjari, kinachokuletea tovuti zinazofanana na unayoisoma, tukizungumze kabla hujasahau kwamba kipo.

Si kitu kipya. Mwaka 1996 Brewster Kahle na Bruce Gilliat walianzisha Alexa kule San Francisco (usiichanganye na hii sauti inayoitikia watu majumbani siku hizi). Ulikuwa upau wa kubandika kwenye kivinjari: ukifika tovuti fulani, unakuonyesha nyingine walizokwenda waliopita hapo kabla yako. Wazo zuri, sikatai. Enzi hizo kutafuta kitu intaneti kulikuwa kazi ya kutoa jasho. Mwaka 1998 Netscape wakaliingiza ndani ya kivinjari chao. Mwaka 1999 Amazon, waliojulikana zaidi kwa kuuza vitabu, wakainunua Alexa kwa hisa za dola milioni 250 hivi. Sasa jiulize, tena polepole: muuza vitabu anamtakia nini mwonyesha njia?

Kidude hakiwezi kukuambia ukurasa upi unafanana na wako bila kujua wako ni upi. Kwa hiyo kila anwani unayofungua kinaipeleka kwa mwenyewe, usiku na mchana, naye anaichanganya na za wenzako. Wengi wakitoka hapa wakaenda kule, basi kule kunahesabiwa kuwa kunahusiana na hapa. Ushauri unaopewa ni nyayo za wengine, na zako ndizo ushauri wa atakayefuata. Na anwani si jina la tovuti tu. Mle ndani huwamo maneno uliyotafuta, pengine jina la ugonjwa ambao hata mama yako hujamwambia. Alexa ilishtakiwa huko Marekani kwa mambo hayo, na mwaka 2001 ikakubali kulipa hadi dola 40 kwa kila mtu ambaye taarifa zake zingekutwa kwenye hifadhi yake. Dola arobaini, mwanangu! Hiyo ndiyo bei ya siri ya mtu ilipofika mahakamani.

Utaniambia hizo ni hadithi za wazee, na kweli huduma ile ya Alexa ilifungwa Mei 2022. Haya, chukua ya juzi. Stylish kilikuwa kiendelezi, yaani kidude cha kivinjari kama hicho chako, cha kubadili rangi na sura ya tovuti, watu wakakipenda. Kikahamia mikononi mwa SimilarWeb, kampuni inayouza takwimu za tovuti, na mwaka 2018 ikabainika kuwa kilikuwa kinaituma kwa kampuni hiyo historia yote ya kuperuzi ya watumiaji wake. Google na Mozilla wakakiondoa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: kidude ulikikubali kwa mwenyewe wa kwanza, kikauzwa, nawe hukuulizwa. Avast, watengenezaji wa programu za kuzuia virusi, nao waliwaahidi watu kuwalinda dhidi ya wanaowafuatilia, kumbe data za kuperuzi zilikuwa zinauzwa kupitia kampuni yao tanzu, Jumpshot. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ikawatoza dola milioni 16.5.

Sikwambii cha bure ghali. Umelisikia tangu utotoni na halikukusaidia. Wala sisemi vyote ni vibaya. Kahle huyohuyo alianzisha Internet Archive, na kurasa zilizokusanywa na Alexa ndizo zilizoijaza maktaba ile ambayo wewe mwenyewe huitumia kutafuta tovuti zilizokufa. Ninachokuomba ni kusoma ile sentensi ya ruhusa kabla hujabonyeza. Kidude kikiomba kusoma data yako kwenye tovuti zote unazotembelea, maana yake ni zote kweli, benki imo, barua pepe imo.

Basi fungua orodha ya viendelezi sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa. Usichokumbuka ulikiweka lini, kitoe. Ukikiona cha lazima, kiruhusu kwenye tovuti moja tu unayokihitajia. Ukimaliza, ifungue na akaunti ya dada yako, maana kompyuta ni yenu nyote wawili.